Uchambuzi wa kisa: prosesa moja, hesabu za wateja mchana na gemu usiku

Usuli

Mhusika ni mtunza vitabu anayefanyia kazi nyumbani, katika mji mmoja wa Tanzania. Mchana anashughulikia hesabu za wafanyabiashara wadogo: Excel, programu ya uhasibu, risiti za PDF na kivinjari chenye tabo nyingi zilizoachwa wazi. Usiku kompyuta hiyohiyo inacheza Counter-Strike 2, wikendi gemu la mpira, na mara mojamoja Cyberpunk 2077. Kila kinachoweza kumtambulisha kimeondolewa. Majina ya vifaa yameachwa yalivyo kwa sababu bila hayo kisa hakina maana.

Mwanzoni mwa 2025 mashine yake ilikuwa hivi:

- Prosesa: AMD Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018, viini 6 (vitengo vya kuchakata) na nyuzi 12 (mikondo ya kazi inayokwenda kwa pamoja), pamoja na feni iliyokuja nayo kwenye boksi
- Bodi: chipseti ya B450 (chipu inayoongoza bodi), soketi ya AM4 (tundu la prosesa)
- RAM: moja tu, GB 8, DDR4-3200
- Kadi ya grafiki: GeForce GTX 1660 Super, GB 6
- Diski: SSD ya SATA
- Skrini: 1080p, 144Hz
- Windows 11 Home, toleo la 24H2, iliyopigwa upya miezi michache nyuma
- UPS ya 650VA

Alikuwa na shilingi laki saba na uamuzi tayari mkononi: auze bodi na prosesa, ahamie Intel Core i5-13400F, kwa sababu rafiki yake anayo "na haikwami". Muuzaji wa kwanza aliyempigia alimwambia prosesa yake imechoka. Katika hilo muuzaji hakukosea sana. Tatizo ni kwamba prosesa ilikuwa mshtakiwa mmoja kati ya wawili, na kuibadilisha peke yake kungemwacha mteja akilalamika vilevile kila mwisho wa mwezi.

Malalamiko mawili yaliyofungwa katika furushi moja

La kwanza: Counter-Strike 2 inagandaganda. Akiwa peke yake kwenye ramani hali ni shwari, ila wachezaji wakikutana, mabomu ya moshi yakitupwa, picha inakatika vipande. La pili: mwisho wa mwezi, kutoka Excel kwenda kwenye kivinjari ni kusubiri, na makro (amri za Excel zinazojiendesha) inayofunga mwezi inachukua zaidi ya dakika.

Fundi aliyeitazama mashine alianza kwa kupima, akitumia CapFrameX (programu ya kupima fremu) na rekodi ileile ya mchezo, mara tatu kila hali. Matokeo ya awali ya Counter-Strike 2, picha zikiwa zimeshushwa hadi ngazi ya chini: wastani wa fremu 105 kwa sekunde, na ile asilimia moja mbaya zaidi ilikuwa fremu 45. Namba ya pili ndiyo inayouma. Skrini ya 144Hz inataka fremu mpya kila milisekunde 6.9, fremu 45 kwa sekunde maana yake kila fremu inachukua milisekunde 22. Wastani unaweza kupendeza huku jicho likiona mikatiko.

Hapo mhusika alileta hoja ambayo huwapoteza wengi. Alifungua Task Manager na kuonyesha kwamba prosesa inatumika asilimia 48 tu, kwa hiyo "haijachoka". Lakini asilimia hiyo ni ya nyuzi zote 12 kwa pamoja. Uzi mmoja ukijaa kabisa, kwenye jumla unaonekana kama asilimia 8 hivi. Gemu nyingi zina uzi mmoja mkuu unaoamua mwendo wa zote, na ukifika mwisho wake, vingine vyote vinakaa kuusubiri. Dalili ya kuaminika iko upande wa kadi ya grafiki: katika Counter-Strike 2 ilikuwa ikifanya kazi kwa asilimia 60 na kitu. Kadi inayokaa bure karibu theluthi ya muda ilhali fremu hazitoshi inasubiri prosesa au RAM.

Katika Cyberpunk 2077 mambo yalikuwa kinyume. Kadi ilikuwa asilimia 98 hadi 99, fremu 47. Hapo hata ungeweka prosesa ghali kuliko zote sokoni, namba isingesogea. Gemu la mpira lilikuwa limetulia kwenye fremu 60, kwa hiyo likaondolewa kwenye mjadala.

Kwa upande wa kazi, jibu lilikuwa pale pale Task Manager, kwenye ukurasa wa kumbukumbu. Mafaili ya mwezi yakifunguliwa, mashine ilikuwa imeziahidi programu karibu GB 13 wakati ina GB 8. Ziada ilikuwa ikimwagwa kwenye diski na kurudishwa kila anapobadili dirisha.

Hatua ya kwanza: RAM kabla ya prosesa

Kabla ya kugusa prosesa, ilinunuliwa RAM ya pili ya GB 8. Alitafutiwa yenye namba ya modeli ileile hadi herufi ya mwisho. Kulinganisha ukubwa pekee hakutoshi. Zikawekwa kwenye nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ambazo katika bodi nyingi za AM4 ndizo za kuanzia. RAM moja inapitisha data kwa njia moja; mbili zikikaa nafasi sahihi zinapitisha kwa njia mbili.

Jambo jingine lilikuwa limejificha. RAM imeandikwa 3200, lakini Windows ilionyesha 2400, kwa sababu wasifu wa XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM) haukuwahi kuwashwa kwenye BIOS (programu ya msingi ya bodi). Ulipowashwa na RAM zikiwa mbili, mashine ilikataa kuwaka vizuri. Kidhibiti cha kumbukumbu cha Ryzen 5 2600 kimehakikishwa hadi 2933 tu. Juu ya hapo ni bahati. Ikashushwa hadi 2933, ikatulia.

Baada ya hatua hii pekee Counter-Strike 2 ilipanda hadi wastani wa 130 na 58 kwa asilimia moja mbaya. Kubadili madirisha mwisho wa mwezi kukawa papo hapo. Makro haikusogea: sekunde 70 kabla, sekunde 69 baada. Ndivyo ilivyotarajiwa, maana makro za VBA, lugha ya Excel, zinakimbia kwenye uzi mmoja tu na hazikuwa na njaa ya RAM.

Kwa hiyo malalamiko ya kazi yaligawanyika: kusubiri madirisha kuliisha kwa RAM, makro ilibaki deni la prosesa.

Prosesa zilizowekwa mezani

*Core i5-13400F.* Viini vikubwa 6 na vidogo 4, jumla nyuzi 16. Viini vidogo vinasaidia kubana mafaili au kuchakata video. Kwa Counter-Strike 2 na makro ya uzi mmoja havina la kufanya. Kwa gemu inacheza ngazi moja na Ryzen 5 5600, na kwa kadi ya 1660 Super huwezi kuona tofauti kwa macho. Gharama yake halisi si ya prosesa: inahitaji bodi mpya yenye soketi ya Intel, LGA1700. Zipo za DDR4, kwa hiyo RAM ingeokolewa, lakini bodi mpya ilimaanisha pia pengine kupiga Windows upya na kushughulikia leseni iliyofungamana na bodi ya zamani.

*Core i5-12400F.* Viini 6 vikubwa, nyuzi 12, hadi 4.4GHz. Bei nzuri kuliko 13400F na kwa matumizi haya karibu sawa nayo. Kikwazo ni kilekile cha bodi. Mtu anayeanza bila chochote angeifikiria kwa uzito zaidi.

*Ryzen 5 7600.* Kwa uzi mmoja ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote hapa, inafika 5.1GHz, na soketi yake ya AM5 AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea. Ina grafiki ndogo ndani, jambo ambalo mtu wa kazi asilidharau: kadi ikifa, bado unaona skrini na hesabu za wateja zinaendelea. Lakini AM5 haipokei DDR4. Bodi, RAM na prosesa kwa pamoja vilipita bajeti mbali.

*Ryzen 7 5700X3D.* Kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 96, na Counter-Strike 2 ni miongoni mwa gemu zinazofaidi sana kache. Inaingia kwenye bodi ileile. Ila ingekula bajeti yote, haiji na feni, na inaishia 4.1GHz. Kwenye makro ingekuwa nyuma ya 5600 iliyo nusu ya bei yake. Tena 1660 Super ingefika kikomo kabla kache hiyo haijatumika ipasavyo.

*Ryzen 7 5700X.* Viini 8, kache MB 32, 4.6GHz. Hii ndiyo mhusika aliyoitaka baada ya kuikosa Intel, kwa hoja kwamba nane ni zaidi ya sita. Kwa mtu anayechakata video kila siku ni kweli. Kwa matumizi haya viini viwili vya ziada vingelala.

*Ryzen 5 5600.* Viini 6, nyuzi 12, hadi 4.4GHz, kache MB 32, wati 65 kama 2600 aliyonayo.

Idadi ya viini ni ileile ya zamani, na hapo mhusika alisita: kwa nini alipie sita kwa sita? Jibu liko katika mpangilio wa ndani. Ryzen 5 2600 imegawanywa makundi mawili ya viini vitatu vitatu, kila kundi na kache yake ya MB 8. Kiini cha kundi moja kikitaka kilichoko upande wa pili, kinazunguka kupitia barabara ya ndani yenye ucheleweshaji. Katika 5600 viini vyote sita viko chumba kimoja na vinachangia MB 32. Kwa gemu inayokimbizana na taarifa ndogondogo za wachezaji kumi, hilo lina uzito kuliko GHz.

Hata bila kache, hesabu ya uzi mmoja inaonyesha faida. AMD ilitangaza ongezeko la asilimia 15 la kazi kwa kila mzunguko kutoka kizazi cha 2600 kwenda kinachofuata (Zen 2), kisha asilimia 19 kwenda cha 5600 (Zen 3). Zidisha 1.15 kwa 1.19, kisha kwa 4.4 gawanya 3.9, unapata kama 1.54. Makro ya sekunde 69 ingetarajiwa kushuka hadi 45 hivi.

Uamuzi, na mtego wa herufi

Ilichaguliwa 5600, ya trei isiyo na boksi, kwa sababu feni ya 2600 inaibeba bila shida. Ilichukua nusu ya bajeti.

Dukani ilikuwa karibu iharibike. Muuzaji alisema 5600 imeisha, akatoa 5600G: "Hii ni ileile bosi wangu, tena ina picha yake ndani." Si ileile. 5600G ina kache ya MB 16, nusu kamili, na inaishia PCIe 3.0 (toleo la zamani la njia inayounganisha kadi ya grafiki). Ni prosesa nzuri kwa asiye na kadi ya grafiki. Kwa huyu ingefuta sehemu kubwa ya sababu ya kubadilisha. Ryzen 5 5500 nayo ina MB 16 na haina hata hiyo grafiki ya ndani. Alisubiri siku chache, ikaja iliyo sahihi kwa basi.

Kabla ya kulipa, pini zilikaguliwa. Prosesa ya AM4 ina pini 1331 upande wa chini, na iliyosafirishwa bila boksi ni rahisi kupinda moja. Njia ni kuishika kwa kingo, kuilaza usawa wa jicho na kumulika tochi kutoka ubavuni: mistari ya pini inyooke pande zote mbili, ya urefu na ya kukatiza.

Siku ya kubadilisha

BIOS ilisasishwa siku mbili kabla, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, maana bodi ya B450 yenye BIOS ya zamani haitambui 5600 na haitaonyesha kitu. Faili lilichukuliwa kwenye ukurasa wa modeli husika, namba ya marekebisho ya bodi ikalinganishwa na ile iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, flashi ikaandaliwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, mashine ikiwa kwenye UPS. Baadhi ya bodi zinadai upitie toleo la kati kwanza. Maelezo huandikwa chini ya kila toleo na watu hawayasomi.

Siku yenyewe mashine iliachwa ifanye kazi dakika kumi ili pesti ya joto iliyo kati ya feni na prosesa ilainike. Kisha ikazimwa, waya ukachomolewa, skrubu nne za feni zikafunguliwa kwa zamu ya mkato, na feni ikazungushwa kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinuliwa. Anayeivuta moja kwa moja huitoa na prosesa yake ikiwa imeng'ang'ania chini, kufuli ya soketi ikiwa imefungwa. Pini zinapindia hapo.

Hadi hapo kila kitu kilikwenda. Mashine ikawashwa, na ukurasa mweusi ukatokea: prosesa mpya imegunduliwa, data ya fTPM (hifadhi ya funguo za usalama iliyo ndani ya prosesa) imebadilika, bonyeza Y kuifuta au N kuiacha. Fundi akabonyeza Y kama alivyozoea. Skrini iliyofuata ilikuwa ya bluu, ikidai ufunguo wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) wenye tarakimu 48.

Mhusika hakuwahi kuwasha usimbaji wa diski. Windows 11 24H2 iliuwasha yenyewe alipopiga upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wa diski ulikuwa umefungwa ndani ya fTPM iliyokwisha kufutwa, kwa hiyo hata kurudisha 2600 kusingesaidia. Faili za wateja zilikuwa humo, nakala nyingine haikuwepo. Nakala ya ufunguo ilikuwa kwenye akaunti yake ya Microsoft, lakini nenosiri lilikuwa limesahaulika na laini ya simu ya kulirejesha haikuwa hewani. Zilipita saa tatu hadi laini ikapatikana, akaunti ikafunguka na ufunguo ukaingizwa.

Matokeo

Kipimo cha kwanza baada ya Windows kufunguka kilikatisha tamaa: Counter-Strike 2 wastani wa 165. Task Manager ilieleza sababu kwa mstari mmoja: RAM ilikuwa imerudi 2400. Kubadilisha prosesa kulirudisha mipangilio ya BIOS mwanzo na XMP ikazimika. Ikawashwa tena, safari hii kwa 3200 kamili, ambayo 5600 inaihimili rasmi.

Namba za mwisho: Counter-Strike 2 wastani wa 205, asilimia moja mbaya 92. Makro sekunde 44. Cyberpunk 2077 kutoka 47 hadi 48. Joto wakati wa kucheza, chumba kikiwa cha moto mchana, nyuzijoto 79. Kikomo cha prosesa hii ni nyuzijoto 90.

Uchambuzi

Kupima hatua kwa hatua ndiko kulikookoa pesa. RAM na prosesa vingewekwa siku moja, mhusika angeamini prosesa ndiyo iliyoondoa kusubiri madirisha, na angemshauri hivyo kila mwenye GB 8. Sasa inajulikana: RAM ilileta fremu 25 za wastani na ikamaliza tatizo la madirisha, prosesa ilileta 75 nyingine na ikapunguza makro kwa zaidi ya theluthi.

Kukataa bodi mpya nako kulikuwa sahihi kwa bajeti hii, ingawa kuna bei yake. AM4 imefika ukingoni. Safari ijayo ya prosesa itakuwa ya bodi na RAM pia, na mtu mwenye mara mbili ya fedha hizi angekuwa na haki ya kwenda AM5 moja kwa moja.

Lililoshindwa vibaya ni maandalizi ya data. Sasisho la BIOS lilipita kimya siku mbili kabla, fundi akachukulia kwamba hakuna usimbaji. Kupita kwake hakuthibitishi chochote. Kipimo ni amri moja kwenye dirisha la amri la msimamizi: `manage-bde -status`. Ikionyesha diski imesimbwa, chukua ufunguo kwa `manage-bde -protectors -get C:` na uunakili kwenye karatasi, kisha simamisha ulinzi kwa `manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`. Kazi ikiisha, badala ya `-disable` na kilichofuata andika `-enable C:`. Na ukiukuta ukurasa wa Y au N bila kuwa na ufunguo mkononi, jibu ni N, zima mashine, rudisha prosesa ya zamani, utafute ufunguo kwa utulivu.

Kuna udhaifu mmoja ulioachwa kwa makusudi: 5600 haina grafiki ya ndani, kama zilivyo Intel zote zenye F. Kadi ikifa katikati ya mwezi, kazi inasimama. Mhusika alinunua kadi ya zamani isiyohitaji waya wa umeme wa ziada, akaiweka kabatini.

Kinachobana sasa ni kadi ya grafiki. Atakapoibadilisha, akumbuke kwamba B450 inabaki PCIe 3.0 hata prosesa ikiwa na 4.0. Radeon RX 6600 yenye njia 8 itapoteza kidogo tu. RX 6500 XT ina njia 4. Kwenye bodi hii inakabwa, hasa GB 4 zake zikijaa, na unafuu wa bei yake dukani usimvute.